Mausipisi ya chombo cha zamani: utafute ya enzi zake, ununue mpya, uweke adapta, ukereze au uagize ya kutengenezewa?

Umepata koneti (yule ndugu mfupi wa tarumbeta) ya zamani sana, au baritoni ya kiwanda ambacho kilishafungwa siku nyingi, au ile honi ya duara ambayo hata jina lake huna hakika nalo. Vali zinashuka na kurudi vizuri, slaidi zinatoka, mabomba hayavuji, kitu kimoja tu kinakosekana, mausipisi, kile kipande cha kuchomeka unachowekea mdomo ili upulize. Au ipo ila ukipuliza noti za chini zinakuwa sawa halafu ukipanda juu kila kitu kinakwenda kombo. Wengi wakifika hapo wanasema chombo kibovu wanakirudisha kabatini. Mimi nasema chombo cha zamani usikihukumu mpaka kiwe kimepata mausipisi inayokaa sawasawa, maana mara nyingi sana kasoro unayoisikia haiko kwenye bomba lile refu, iko kwenye zile sentimita chache za mwanzo pale mausipisi inapokutana na chombo.

Njia ziko tano na kila moja ina watu wake. Ila kwanza tukubaliane tunapima nini.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Mausipisi ina sehemu nne za kuangalia: ukingo unaogusa mdomo, kikombe, koo pale ndani panapobana zaidi, na mkia unaoingia kwenye chombo. Lile tundu la chombo linalopokea mkia mafundi wanaliita risiva, na mimi nitaliita hivohivo.

Kigezo cha kwanza ni kukaa. Mkia umechongoka, na risiva nayo imechongoka kwa ndani, na michongoko hiyo miwili inatakiwa ilingane. Kwenye tarumbeta za kisasa mchongoko ni karibu 1 kwa 20, yaani ukitembea milimita 20 kipenyo kinabadilika milimita 1. Shika hesabu hiyo kwa sababu ndo inaeleza karibu kila kitu: mkia ukiwa mnene kwa nusu milimita tu kuliko ulivyotakiwa, utasimama milimita 10 kabla ya mahali pake. Mausipisi ya tarumbeta kwa kawaida inazama kama sentimita 2 mpaka 2 na nusu, sasa ukiona yako imezama kidogo tu halafu imegoma, au imezama mpaka kikombe kinakaribia kugusa risiva, ujue sio yake.

Kipimo cha kwanza ni kuitikisa. Ingiza taratibu, usisukume, halafu jaribu kuiyumbisha kushoto na kulia, isicheze hata chembe. Ikicheza, chukua kalamu ya wino mnene, paka mkia wote, ingiza, zungusha kidogo, toa uangalie wino umefutika wapi. Ukifutika karibu na ncha tu maana yake mkia unagusa kule ndani peke yake na huku mlangoni unaelea. Ukifutika juu tu, karibu na kikombe, ujue unabanwa na mdomo wa risiva na ncha iko hewani. Ukifutika sawia kuanzia juu mpaka chini, hongera, hiyo ndo ndoa. Kwa vipimo vyenyewe tafuta kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, pima kipenyo cha nje cha ncha ya mkia na kipenyo cha ndani cha mdomo wa risiva, andika kwa milimita mpaka desimali moja au mbili, maana namba hizo utaulizwa na kila muuzaji na kila fundi mwenye akili.

Cha pili ni tyuni na sauti. Hapa yupo mwanafizikia wa Marekani, Arthur Benade, aliyechunguza sana vyombo vya kupuliza, na alichoeleza kinasaidia sana. Kwenye noti za chini mausipisi inafanya kazi kwa ujazo wake, yaani kikombe na tundu lake kwa pamoja, kana kwamba ni kipande cha bomba chenye ujazo uleule. Kwenye noti za juu kinachotawala ni mlio wake yenyewe, ule mpop unaousikia ukiipiga ukingo kwenye kiganja. Kikombe kikiwa na ujazo mkubwa kupita chombo kinavyotaka, noti za juu zinashuka zaidi kuliko za chini. Kikiwa kifupi mno zinapanda. Slaidi, lile bomba la kuvuta la kutyunia, haiwezi kurekebisha hilo kwa sababu inashusha au kupandisha chombo kizima, haipatanishi noti za juu na za chini.

Cha tatu mdomo, yaani ukingo unakuchosha au haukuchoshi. Cha nne kurudi nyuma: ukikosea, unaweza kutengua? Kwa chombo cha zamani hiki kigezo kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Cha tano upatikanaji, gharama na muda.

Kabla hujailaumu mausipisi angalia kwanza pichi ya chombo, yaani kilipangwa kulia juu au chini kiasi gani. Vyombo vya bendi vya Uingereza vilitengenezwa kwa pichi ya juu, noti A ikiwa karibu mitetemo 452 kwa sekunde badala ya 440 ya siku hizi, na bendi za kule ziliendelea nayo mpaka miaka ya 1960. Marekani nako vilikuwepo vya A ya karibu 457 na vingi vimegongwa herufi HP kwa pichi ya juu au LP kwa ya chini. Kama chako ni HP na hakina slaidi ya ziada ya kukishusha, hakuna mausipisi duniani itakayokifikisha 440 kikiwa bado kina usawa.

Njia ya 1: Mausipisi ya enzi zake

*Kukaa.* Ukipata ya kiwanda kilekile, modeli ileile, miaka ileile, kazi imekwisha, inaingia kama ilivyokusudiwa. Shida ni kwamba viwanda vilikuwa vinabadilisha vipimo bila kumwambia mtu, na hata kampuni moja unakuta ina risiva za aina mbili. Chukua tromboni za Conn 8H na 88H: kwa miaka mingi zilitoka na mchongoko uliopewa jina la Emory Remington, yule mwalimu wa tromboni, na ukiweka mausipisi ya mkia mnene wa kawaida kwenye chombo hicho inaonekana kama imeingia kumbe imeshikwa sehemu moja tu. Mwenye tromboni ya namna hiyo akipata mausipisi yake halisi anashangaa chombo kimefunguka.

Koneti za karne ya 19 zina kisa chake. Nyingi zilikuja na vipande vya bomba vya kubadilishia, kimoja cha B flati, kingine cha A, wakati mwingine na vingine zaidi, na mausipisi inaingia kwenye kile kipande sio kwenye koneti yenyewe. Mkia wake ni mwembamba, kuliko hata wa koneti nyingi za sasa. Na mara nyingi kilichopotea sio mausipisi peke yake, na kipande nacho hakipo, sasa mtu anahangaika kuchomeka mausipisi moja kwa moja kwenye tundu ambalo halikutengenezwa kuipokea. Angalia hilo kwanza.

*Tyuni na sauti.* Hapa ndo njia hii inashinda waziwazi. Shika mausipisi ya koneti ya zamani uichungulie dhidi ya mwanga: kikombe hakina lile bakuli na bega unalolijua kwenye tarumbeta, kinashuka moja kwa moja kama faneli, kirefu, na huoni mahali hasa kikombe kinapoisha na koo linapoanza. Sauti yake inakuwa laini, nene, haipigi kelele. Koneti ilibuniwa kwa sauti hiyo na noti zake zilipangwa kwa ujazo huo.

*Mdomo.* Jiandae. Kingo za zamani nyingi ni nyembamba, nyingine bapa na zina makali kwa ndani. Mtu aliyezoea ukingo mpana wa kisasa midomo inachoka mapema, na kuna ambao hawazoei kabisa.

*Kurudi nyuma.* Chombo hakiguswi, safi. Ila kagua mausipisi yenyewe. Ncha ikiwa imebonyea, fundi anaweza kuirudisha duara kwa chuma chenye mchongoko, ni kazi ndogo. Fedha iliyochujuka pale ukingoni ni jambo lingine, shaba tupu kwenye mdomo inawasha baadhi ya watu na shaba za zamani zina risasi kidogo ndani yake, kwa hiyo ichovye upya fedha au dhahabu kabla hujaitumia kila siku. Wenye mzio wa nikeli waulize kwanza imechovywa nini. Na kama umeuziwa ya pembe ya ndovu, za serpenti (chombo cha kale cha besi kilichopinda kama nyoka) na vyombo vya zamani zaidi zipo, usiivushe mpaka wa nchi bila vibali: mkataba wa CITES ulikubali mwaka 1989 kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na vitu vya kale navyo vinadaiwa karatasi.

*Upatikanaji, gharama na muda.* Hapa ni bahati. Unaweza kuikuta kwenye boksi la vyuma vya ajabuajabu kwa bei ya bure, au ukakutana na mkusanyaji anayejua thamani yake. Maelezo ya muuzaji yakisema tu inaingia koneti za zamani, hayo sio maelezo, omba kipenyo cha ncha na picha ya ndani ya kikombe.

*Inamfaa* anayetaka chombo kisikike kama kilivyosikika enzi hizo, na mwenye subira.

Njia ya 2: Mausipisi mpya ya dukani

*Kukaa.* Njia hii inategemea sana chombo gani unacho. Kwa tromboni na yufoniamu (ile honi nene inayofanana na tuba ndogo) mikia ya kawaida iko mitatu: mwembamba wenye ncha ya karibu milimita 11, wa kati unaozidi hapo kama nusu milimita, na mnene unaopita 12 kidogo. Tofauti unaona ni ndogo, lakini rudi kwenye ile hesabu ya 1 kwa 20 uone nusu milimita inakupeleka wapi. Yufoniamu nyingi za zamani za Uingereza, Besson wakiwemo, zinataka ule wa kati, na huo ndo unaowachanganya watu, kwa sababu mwembamba unazama mno na mnene unagoma mlangoni, mtu anadhani risiva imeharibika. Willson 2900 nayo imejulikana kwa mkia wa kati, wakati Yamaha YEP-321 inachukua mwembamba. Habari njema ni kwamba mkia wa kati bado unatengenezwa. Denis Wick, aliyekuwa mpiga tromboni wa London Symphony Orchestra kabla ya mausipisi kubeba jina lake, za kwake zinatofautishwa kwa herufi ya mwisho: 4AL ni mkia mnene, 4AM ni wa kati, kikombe kilekile.

Flugohoni nazo zina michongoko zaidi ya mmoja, na zile za zamani za Couesnon zinachukua wa Kifaransa ambao ni tofauti na unaouzwa zaidi siku hizi. Tuba zina mkia wa Kimarekani na wa Ulaya ambao ni mnene zaidi, na besi ndogo za E flati za zamani unaweza kukuta risiva yake ni nyembamba kuliko yote miwili. Melofoni za kutembea, zile za bendi za gwaride, zinapokea mkia wa saizi ya tarumbeta, sasa mtu akija na mausipisi ya frenchi honi inatumbukia ndani. Tuba ya Wagner inatumia ya frenchi honi moja kwa moja.

*Tyuni na sauti.* Usichague kwa jina la chombo peke yake, chagua kwa ujazo. Koneti ya zamani ipe kikombe kirefu kabisa unachopata. Kwenye Denis Wick za koneti namba tupu ina kikombe kirefu kuliko namba hiyohiyo yenye B. Ziko mausipisi za koneti ambazo kiukweli ni za tarumbeta zilizofupishwa mkia, kikombe kifupi, sauti kali. Zinafaa mpiga tarumbeta anayeshika koneti mara mojamoja, ila kwa chombo cha mwaka 1890 na kitu zitakipandisha noti za juu. Ofikleide, honi ya zamani ya besi yenye vifunguo, pia wapo wanaoipulizia mausipisi ya yufoniamu au ya tromboni yenye kikombe kirefu na inajibu, ingawa sauti inakuwa ya kisasa kidogo.

*Mdomo.* Ushindi mkubwa uko hapa. Unapata ukingo ule ule uliouzoea. Angalizo ni namba tu, maana hazifanani kati ya kampuni: kwa Vincent Bach namba ikipungua mausipisi inakuwa pana, kwa Schilke na Yamaha namba ikiongezeka ndo inakuwa pana. Linganisha milimita za kipenyo cha ndani cha ukingo, sio namba. Tarumbeta na koneti zinacheza kwenye 16 mpaka 17, tromboni ya tena (tenor) karibu 25 au 26, tuba 31 kwenda juu.

*Kurudi nyuma.* Hakuna kilichoguswa. Isipokaa unaiuza au unarudisha.

*Gharama na muda.* Njia ya haraka na bei yake unaijua kabla hujaanza.

*Inamfaa* anayepiga kila wiki, anayebadilisha vyombo, na mwanafunzi aliyepewa chombo cha zamani ajifunzie.

Njia ya 3: Adapta, na ule mkanda wa karatasi

*Kukaa.* Kuna kanuni moja hapa na ukiielewa hutapoteza pesa. Adapta inafanya kazi vizuri pale mkia ni mwembamba kuliko risiva, kwa sababu unavalishwa mkono wa chuma kwa nje na unakaa mahali pake. Adapta ya kufanya mkia mwembamba wa tromboni uingie risiva kubwa ni kitu cha kawaida na inatenda kazi. Ya kuingiza mausipisi ya frenchi honi kwenye melofoni ya kutembea hali kadhalika. Lakini mkia ukiwa mnene kuliko risiva, adapta haina pa kujificha, inabidi itokeze nje, na hapo umeongeza urefu wa bomba. Ndo maana mausipisi ya tarumbeta kwenye koneti kupitia adapta karibu kila mara inaleta koneti iliyoshuka pichi, yenye sauti ya tarumbeta, na noti zisizoelewana.

Mkanda wa karatasi ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwenye jambo hili. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukizungusha raundi moja kwenye mkia umeongeza kipenyo kwa milimita 0.2, na kwa mchongoko wa 1 kwa 20 mausipisi inatoka nje milimita 4. Kata ukanda mwembamba, zungusha raundi moja, ncha za karatasi zikutane bila kupandana, ingiza, piga noti ndefu chini, katikati na juu, sikiliza. Ongeza raundi ya pili, rudia. Kwa jioni moja unajua kama chombo kinataka mausipisi iingie zaidi au itoke zaidi, na hujatumia chochote. Ukiona raundi ya kwanza imepatanisha okteva, ile namba unampelekea mkerezaji ikiwa tayari.

*Tyuni na sauti.* Kwa karatasi, nzuri ajabu kama shida ilikuwa kuzama mno. Kwa adapta ya chuma, inategemea: ndani kwenye maungio kukiwa na ngazi kubwa, chombo kinapuliza kizito na noti nyingine hazishiki.

*Mdomo.* Unabaki na mausipisi yako, kwa hiyo hamna jipya.

*Kurudi nyuma.* Unatoa tu. Ila karatasi ikilowa inanasa, usiiache humo. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba unavumilia maji na kwa muda mfupi hauna ubaya. Gundi hapana kabisa. Na mausipisi au adapta ikinasa usichukue koleo ukaanza kuzungusha, utang'oa vishikizo vya bomba ambavyo vimeunganishwa kwa risasi. Kuna kifaa maalumu cha kuchomolea, kila fundi wa vyombo anacho na ni kazi ya dakika.

*Gharama na muda.* Rahisi kuliko zote.

*Inamfaa* anayechunguza kabla ya kuamua, na anayehitaji chombo kilie wikiendi hii.

Njia ya 4: Kukereza au kunenepesha mkia

*Kukaa.* Mkerezaji mzuri anakupa ndoa kamili. Anaweza kupunguza mkia mnene mpaka uingie, au kuvalisha mwembamba mkono wa shaba, kuulehemu, halafu kuukereza kwa mchongoko wa risiva yako. Lazima ajue mchongoko sio kipenyo peke yake, kwa hiyo mpelekee chombo kizima kama unaweza, sio namba kwenye karatasi.

Kupunguza kuna mpaka wake. Ukuta wa ncha ya mkia wa tarumbeta uko chini ya milimita moja, na tundu la ndani linapanuka kuelekea nchani. Ukitaka kuigeuza ya tarumbeta iwe ya koneti ya zamani utafika mahali chuma kimeisha, ncha imekuwa nyembamba kama bati, inabonyea kwa kuangushwa mara moja. Kutoka mkia mnene wa tromboni au yufoniamu kwenda wa kati, hapo kuna nyama ya kutosha kwenye mausipisi nyingi, na kwa maoni yangu ndo matumizi bora ya njia hii.

*Tyuni na sauti.* Kikombe hakibadiliki, kwa hiyo kama ujazo wake ulikuwa sio, ukerezaji hautausahihisha. Unachosahihisha ni kina cha kuzama na kule kuyumba.

*Mdomo.* Ukingo wako uleule. Fedha inatoka kwenye mkia uliokerezwa lakini pale hapagusi mdomo.

*Kurudi nyuma.* Hapana. Kilichokerezwa kimekerezwa. Kwa hiyo toa kafara mausipisi ya kisasa ya kawaida ambayo nyingine kama hiyo ipo dukani, usimpe fundi mausipisi ya enzi zake aipunguze. Na la muhimu kuliko yote ambalo nalisema kwa moyo wote: kereza mausipisi, usipanue risiva ya chombo. Wapo mafundi watakaokwambia tupanue tu risiva iingie ya kisasa, ni dakika chache. Ni dakika chache kweli, na baada ya hapo mausipisi halisi ya chombo hicho ikipatikana haitakaa tena. Sababu pekee ya kugusa risiva ni pale unapokuta fundi wa zamani alishaibadilisha akaweka isiyo yake, hapo unarudisha ya kufaa, huharibu.

*Gharama na muda.* Ya kati, ugumu ni kumpata mtu mwenye mashine ya kerezo anayeelewa vyombo. Anayekereza shafti za mashine anaweza ukimpa mchongoko kamili na mausipisi ya majaribio kwanza.

*Inamfaa* aliyekwishapata kikombe na ukingo anaoupenda na kilichobaki ni mkia tu.

Njia ya 5: Kuagiza ya kutengenezewa

*Kukaa.* Inategemea vipimo ulivyotuma. Watengenezaji wazuri watakuomba kipenyo cha risiva mlangoni, kina chake mpaka pale bomba linapoanza, na mchongoko, na ukikosa hivyo wengine wataomba chombo.

*Tyuni na sauti.* Kwa vyombo visivyo na ndugu wa kisasa, hii ndo njia yenyewe. Tarumbeta asilia isiyo na vali, ya mtindo wa karne ya 17 na 18, inataka ukingo mpana bapa, na pale kikombe kinapokutana na koo pawe na kona kali, sio ule mviringo laini wa sasa. Ile kona inachangia sauti yake na inamsaidia mpigaji kuvuta noti zile za asili ambazo hazijakaa sawa. Mausipisi ya kisasa ukiitia humo inapiga, ila chombo kinapoteza tabia yake. Serpenti, ofikleide na saksohoni (saxhorn, sio saksofoni) za mwanzo, zile alizozitoa Adolphe Sax miaka ya 1840, nazo watu wanazinakilia mausipisi kutoka kwenye zilizobaki.

*Mdomo.* Mpango mzuri hapa ni mausipisi ya kufungua kwa nati: ukingo wako wa kila siku juu, kikombe na mkia wa kale chini. Unapata ujazo sahihi bila kuumiza midomo. Hakikisha nati zinalingana, maana kila kampuni ina zake. Kwa anayepiga muziki wa kale kwa uaminifu kamili hili halimfai, atataka na ukingo wa enzi hizo.

*Kurudi nyuma.* Chombo salama, pesa ndo hairudi. Kwa hiyo kabla ya kukata shaba wengine wanachapisha ya plastiki kwa printa ya 3D, wanajaribu ukubwa wa kikombe kwanza, wanabadilisha, wanachapisha tena. Kwa majaribio ni njia safi sana. Kwa kupigia kila siku sina imani nayo: ncha ya mkia ni nyembamba na inakatika, na ile mistari ya plastiki inashika uchafu, kuisafisha vizuri ni shida.

*Gharama na muda.* Ghali kuliko zote, na foleni ya fundi mzuri ni ndefu.

*Inamfaa* mwenye chombo adimu anachokipiga mbele ya watu, au taasisi inayotaka chombo chake kilie bila kuguswa.

Kulingana na hali yako

Una yufoniamu au baritoni ya Uingereza ya zamani na mausipisi ya kawaida inagoma mlangoni: pima, karibu hakika unatafuta mkia wa kati, nunua mpya. Ukingo unaoupenda ukiwa hautoki na mkia huo, chukua wenye mkia mnene umpe mkerezaji.

Una koneti ya karne ya 19: hakikisha kwanza vipande vyake vya bomba vipo. Vikiwepo, anza kutafuta ya enzi zake huku ukipigia mpya yenye kikombe kirefu, na kama mkia wa hiyo mpya unazama mno, mkanda wa karatasi utakuvusha. Ukiwa mnene mno usiende kwenye adapta, tafuta yenye mkia mwembamba zaidi.

Una tromboni ya Conn ya Remington: usikubali mausipisi ambayo imeingia tu, fanya kipimo cha wino. Ya mchongoko wake ikipatikana chukua, isipopatikana mkerezaji aufuate mchongoko huo kwenye ya kisasa yenye mkia mnene.

Una melofoni au honi ya alto ambayo huijui jina: pima risiva kabla ya chochote, kisha azima mausipisi ya tarumbeta, ya koneti, ya frenchi honi na ya tena honi ujaribu kwa mikono yako. Inayozama kina cha kawaida bila kuyumba ndo inakuonyesha familia ya kununua.

Unapiga muziki wa kale kwa chombo asilia au nakala yake: weka akiba uagize, au nunua nakala kwa anayetengeneza vyombo hivyo maana kwa kawaida anazo na mausipisi zake.

Chombo ni cha ukumbusho wa familia na kitapigwa mara moja moja: mpya ya bei nafuu inayokaa, pamoja na karatasi ikibidi. Iliyokuja nacho, hata kama haipigiki, iache kwenye boksi lake pamoja na karatasi ndogo yenye vipimo ulivyochukua, atakayekirithi asianze upya.